Tusiwafunge wanafunzi kabla ya kujua gharama

Kila ifikapo mwezi wa Oktoba, baadhi yetu tunaofundisha katika shule za upili na kuwashauri wanafunzi kuhusu vyuo huletewa waraka mfupi ambao kuujaza hakuchukui hata dakika tano. Siku hizi huja kwa kompyuta. Mwanafunzi ameshatia sahihi, mzazi ameshatia sahihi, na kilichobaki ni sahihi ya mwalimu. Waraka wenyewe watoka Marekani, na maneno yake ni machache: kwamba mwanafunzi huyu ameomba nafasi katika chuo hiki kwa utaratibu wa mapema, kwamba akikubaliwa atajiunga nacho, na kwamba maombi yote aliyoyapeleka kwingineko atayaondoa.

Nimetia sahihi nyaraka kadhaa za namna hiyo. Uko mmoja ambao hadi leo natamani nisingaliutia.

Naandika haya kwa ajili ya walimu wenzangu, na kwa ajili ya vijana wetu ambao wakishapata alama nzuri katika KCSE huanza kuulizia njia ya kwenda kusoma Marekani. Safari hiyo si ngeni kwetu. Mnamo Septemba 1959 ndege iliyokodiwa iliondoka Nairobi na wanafunzi 81, matunda ya juhudi za Tom Mboya na marafiki zake wa huko. Vyuo vilikuwa vimewaahidi ufadhili, na kilichokosekana kilikuwa nauli. Tangu siku hizo ufadhili wa Marekani umekuwa ukisikika masikioni mwa wazazi wetu kana kwamba ni kitu kimoja kisichogawanyika, ama umeupata ama umeukosa. Ukweli ni kwamba ufadhili huo una vipimo, na kipimo atakachopewa mtoto hutegemea, kwa kiasi kikubwa kuliko tunavyodhani, mlango aliochagua kubisha na siku aliyoubisha.

Milango hiyo ni mitatu. Wa kwanza ni ule wa kawaida, ambao mwisho wake aghalabu ni siku za mwanzo za Januari. Majibu hutoka mwishoni mwa Machi au mwanzoni mwa Aprili, na mwanafunzi hupewa hadi tarehe 1 Mei kuamua. Mlango wa pili ni wa mapema usiofunga, unaojulikana kwa Kiingereza kama Early Action: mwombaji hupeleka maombi mwezi wa Novemba, hupata jibu Desemba au Januari, na bado anayo ruhusa ya kungoja hadi Mei akilinganisha. Mlango wa tatu ni wa mapema unaofunga, yaani Early Decision. Huu nao hufungwa tarehe 1 au 15 Novemba, na jibu huja katikati ya Desemba, ila aliyekubaliwa hana tena la kulinganisha. Amekwisha kutoa neno lake. Vyuo vingi vina hata duru ya pili ya utaratibu huu unaofunga, ambayo mwisho wake huangukia mwanzoni mwa Januari.

Kwa nini mtu akubali kujifunga? Kwa sababu vyuo vyenyewe humpendelea anayejifunga. Vipo vinavyojaza nusu ya darasa zima, au zaidi, kwa duru hiyo peke yake. Mwaka 2003 watafiti watatu, Avery, Fairbanks na Zeckhauser, walichapisha kitabu kilichoonyesha kwamba kuomba mapema kulimwongezea mwombaji nafasi sawa na kama angeongeza alama 100 hivi katika mtihani wa SAT. Ni kweli kwamba miongoni mwa wanaokubaliwa mapema wamo wanamichezo walioteuliwa na makocha na watoto wa waliosoma chuoni humo, na hao hupandisha asilimia ambayo sisi huisoma tukadhani yatuhusu. Hata hivyo, mvuto upo, na vijana wetu huusikia.

Sasa nirudi kwenye ule waraka.

Msichana huyo alifanya KCSE mwaka 2022. Kwa kuwa mtihani wetu hufanywa hasa Novemba, na matokeo hayaji hadi mwaka unaofuata, mwanafunzi wa shule ya umma hawezi kwa urahisi kuomba vyuo vya Marekani akiwa bado darasani. Maombi ya mapema humkuta katikati ya karatasi za mtihani. Akapata matokeo yake Januari 2023, yakawa mazuri sana, akaamua kuukaa mwaka mzima nyumbani akijiandaa. Chuo kikuu kimoja hapa nchini kilichompa nafasi kilikubali kumhifadhia hadi mwaka uliofuata. Wenzake walipokwenda zao Septemba, yeye alibaki akifunza watoto wa jirani hesabu na kuandika insha za maombi usiku.

Alikuwa na orodha ya vyuo saba. Mwezi wa Oktoba akaja kwangu akiwa amekichagua kimoja, chuo kidogo chenye sifa njema upande wa kaskazini-mashariki mwa Marekani, na akaniambia amesoma kwamba chuo hicho hukidhi haja yote ya kifedha ya kila anayekubaliwa. Nami nilikuwa nimesoma hivyo hivyo. Baba yake, mwalimu wa shule ya msingi, aliniuliza swali moja tu: "Mwalimu, wakisema haja yote, wanamaanisha yote?" Nikamjibu kuwa ndivyo ilivyoandikwa. Tukatia sahihi.

Katikati ya Desemba akakubaliwa. Kijiji kizima kilijua kabla jua halijatua. Barua ya fedha ilifuata siku ile ile, na hesabu yake ilikuwa hivi: gharama zote za mwaka, dola 82,000, ruzuku ya chuo, dola 66,500, kazi ndogo ndogo za chuoni, dola 2,800, mchango wa familia, dola 12,700. Wakati ule dola moja ilikuwa imepita Sh150. Mchango huo ulikuwa karibu Sh2 milioni kwa mwaka, zaidi ya mshahara wote wa mwaka wa baba yule, naye alikuwa na watoto wengine wawili katika shule za bweni.

Chuo kilizipata wapi dola hizo 12,700? Kilizipata katika majibu ya baba mwenyewe. Fomu ya fedha inayotumiwa na vyuo vingi vya kibinafsi huuliza mapato, akiba, nyumba, biashara na ardhi. Baba, kwa kuwa ni mtu mwaminifu, aliandika thamani ya shamba lao la chai kwa bei ambayo jirani aliuzia kipande chake baada ya barabara ya lami kupita. Shamba lenyewe lilikuwa la babu, ndugu wanne wana haki ndani yake, na hakuna yeyote katika ukoo ule aliyewahi kuwaza kuliuza. Maelezo ya ziada ambayo tungeweza kuyaandika hatukuyaandika, kwa kuwa hatukujua kwamba yanahitajika. Hapo ndipo nilipoelewa kuwa "haja yote" ni haja kama chuo kinavyoipima. Anayeipima si anayelipa.

Watetezi wa utaratibu huu husema, na ni kweli, kwamba mwanafunzi anaweza kufunguliwa ahadi yake ikiwa msaada aliopewa hautoshi kumwezesha kwenda. Sharti hilo limo. Lakini msomaji na atazame kalenda. Jibu huja katikati ya Desemba. Mtu akiomba hesabu ipitiwe upya, ofisi zinakaribia kufungwa kwa Krismasi, na milango ya kawaida ya vyuo vingine nayo hufungwa siku za mwanzo za Januari. Sisi tuliandika barua ya kuomba nyongeza tarehe 19 Desemba. Jibu lilikuja wiki ya tatu ya Januari: wameongeza dola 2,000, na hawawezi zaidi. Familia ikaomba kufunguliwa, ikafunguliwa kwa maneno ya upole kabisa. Kufikia siku hiyo vyuo vingine sita vilivyokuwa kwenye orodha yake vilikuwa vimekwisha kufunga maombi. Ahadi yake haikumruhusu kushikilia maombi kwingine maadamu amekubaliwa, na hatukuwa na ujasiri wa kuivunja kabla ya kupata jibu.

Sidai kwamba kati ya vyuo hivyo sita kimoja kingempa zaidi. Ninachosema ni kwamba hakupata nafasi ya kujua. Na hata angepata barua mbili tu za kukubaliwa, angekuwa na la kusema. Mwenye barua ya pili mkononi huweza kuiandikia ofisi ya fedha ya chuo cha kwanza, kwa adabu, akaeleza kwamba chuo kingine kimeipima familia yake kwa namna tofauti, na vipo vyuo ambavyo hupitia hesabu upya kwa sababu hiyo. Hakuna anayeingia Gikomba akanunua koti katika kibanda cha kwanza bila kuuliza bei cha pili. Sisi tulimtuma mtoto akanunue bila kuuliza bei hata kibanda cha kwanza, kisha tukashangaa.

Pengo la fedha kwa mgeni lina ukali wa namna yake. Mmarekani aliyepungukiwa aweza kuomba ruzuku na mikopo ya serikali ya shirikisho. Mwanafunzi wetu haruhusiwi. Zaidi ya hayo, kabla chuo hakijampa hati ya kuombea viza, sharti aonyeshe kwamba fedha za mwaka wa kwanza zipo. Dola 12,700 hizo hazingojei mtu afike huko akatafute vibarua, na hata akifika, sheria humruhusu kufanya kazi chuoni tu, si zaidi ya saa 20 kwa wiki wakati wa masomo. Kwa hivyo harambee ya kijiji hufanywa kwa ajili ya mwaka wa kwanza, na mwaka wa pili hubaki mikononi mwa Mungu.

Kuna kosa jingine ambalo sisi walimu twalifanya, na ningependa nilitaje bila kuficha. Katika fomu ya maombi kuna swali linalouliza kama mwombaji ananuia kuomba msaada wa kifedha. Nimesikia wenzangu wakiwashauri wanafunzi wajibu "hapana", kwa hoja kwamba vyuo vingi huwatazama kwa jicho kali wageni wanaohitaji fedha, na kwamba mtu akishaingia atajua la kufanya. Hoja ya kwanza ina ukweli. Vyuo visivyotazama mfuko wa mwombaji kutoka ng'ambo ni vichache mno. Vya kutajwa ni kama Harvard, Yale, Princeton, MIT na Amherst, na tangu mwaka 2022 Dartmouth na Bowdoin. Kwingineko uwezo wa kulipa huingia katika mizani. Hoja ya pili, hata hivyo, ni hatari. Vyuo vingi vimeandika wazi kwamba mgeni asiyeomba msaada wakati wa kuomba nafasi hataruhusiwa kuuomba baadaye, mwaka wa pili, wa tatu wala wa nne. Alama moja ndogo iliyowekwa Novemba, pengine kwa kunong'onezwa na mwalimu, yaweza kuifunga miaka minne yote. Mwanafunzi anayehitaji fedha na aseme anahitaji.

Wapo watakaoniambia kwamba mchagua nazi hupata koroma, na kwamba mtoto wa maskini hana anasa ya kulinganisha. Hoja hiyo nimeitafakari sana, na kwa upande mmoja naikubali. Mwanafunzi ambaye wazazi wake hawana mshahara wala mali, anayeomba chuo kinachokidhi haja yote, anaweza kujifunga bila hofu kubwa, kwani mchango utakaokadiriwa utakuwa mdogo mno popote aendapo, naye hunufaika na ule upendeleo wa duru ya mapema. Kwa familia kama hizo nimetia sahihi na nitatia tena. Kinachonitia wasiwasi ni familia za katikati: mwalimu, muuguzi, karani wa kaunti, mkulima mwenye ekari tatu karibu na lami. Kwenye karatasi hao huonekana wana kitu. Nyumbani, kitu hicho kimekwisha kugawanywa kwa karo, kwa mkopo wa sako na kwa matibabu ya bibi. Hao ndio wanaohitaji barua mbili au tatu za kulinganisha, na ndio tunaowaharakisha, kwa kuwa watoto wao aghalabu ndio wenye alama za juu katika shule zetu.

Tena tusichanganye "mapema" na "kujifunga". Vipo vyuo ambavyo ufadhili wao unaotolewa kwa sifa ya masomo huwaendea wale tu waliopeleka maombi kufikia Novemba au mwanzoni mwa Desemba, bila ya sharti lolote la kujifunga. Harvard, Yale na Princeton hupokea maombi ya mapema ambayo humzuia mtu kuomba mapema katika vyuo vingine vya kibinafsi, lakini hazimlazimishi kujiunga. Anayekawia huko hujinyima bure. Nimeona walimu wakikimbia kila kitu chenye jina la mapema baada ya kuungua mara moja, na huko nako ni kupotea.

Waamerika wenyewe hawajaafikiana juu ya jambo hili. Mwaka 2006 Harvard na Princeton zilitangaza kuacha kabisa maombi ya mapema kwa sababu yaliwafaa zaidi walio nacho. Mwaka 2011 zikayarudisha, kwa kuwa wenzao wengi hawakuwafuata. Mnamo Agosti 2025 kesi iliwasilishwa katika mahakama ya shirikisho huko Massachusetts dhidi ya vyuo zaidi ya 30, ikidai kwamba ahadi hizi za kujifunga huua ushindani na kupandisha gharama kwa wanafunzi. Mahakama itaamua itakavyoamua. Mwanafunzi wa Nandi au wa Taita hawezi kuingoja.

Wala tusijifanye kwamba haya ni ya Wazungu pekee. Mfumo wa ufadhili wa vyuo vikuu uliotangazwa hapa nchini mwaka 2023 ulieleza kwamba aliyechagua chuo kikuu cha kibinafsi kupitia KUCCPS angeweza kuomba mkopo wa HELB, lakini si ufadhili wa serikali usiolipwa. Ni wanafunzi wangapi waliolijua hilo walipokuwa wakibofya chaguo la kwanza? Katika shule yetu niliwauliza darasa zima, wakanyosha mkono wawili.

Basi nini kifanywe? Kwangu mimi, kazi huanza Agosti, na huanza na mzazi. Kabla ya insha na kabla ya jina la chuo, nataka kujua familia inaweza kutoa shilingi ngapi kwa mwaka bila kuuza shamba wala kumtoa mtoto mwingine shuleni. Kiasi hicho tukakiandike. Kisha tuwaandikie barua pepe maofisa wa fedha wa kila chuo, tuwaeleze hali ilivyo na tuwaombe makadirio ya awali. Sheria ya Marekani imevilazimisha vyuo tangu mwaka 2011 kuweka kikokotoo cha gharama halisi, lakini vingi vya vikokotoo hivyo vilitengenezwa kwa ajili ya raia wao, na mgeni akivitumia hupata jibu la mtu mwingine. Vipo vyuo vitakavyotoa makadirio. Visivyotaka, navyo vimetupa habari. Ardhi ya ukoo ielezwe kwa barua, pamoja na idadi ya warithi. Na ikiwa baada ya hayo yote familia bado yataka mtoto ajifunge, basi maombi ya vyuo vingine yawe tayari kabla ya Desemba, yakingoja kutumwa siku hiyo hiyo jibu la fedha litakapoonekana halifai.

Msichana wangu alijiunga na chuo kikuu chake cha hapa nchini Septemba 2024, mwaka mmoja nyuma ya wenzake. Anasoma uhandisi. Hajanilaumu, na baba yake hajanilaumu. Tukikutana sokoni huniuliza habari za shule.

Mwaka uliofuata kijana mwingine aliniletea waraka ule ule akiwa na haraka, siku tatu kabla ya tarehe ya mwisho. Nikamwambia amlete mzazi kwanza. Mama yake alikuja Jumamosi na bahasha ya kaki: hati za malipo za miezi sita, taarifa ya mkopo, na nakala ya cheti cha shamba chenye majina matano. Tulikaa ofisini hadi saa tisa alasiri. Mwishowe kijana akapeleka maombi mawili ya mapema yasiyofunga, na mengine matano akayaweka kwa Januari. Waraka wa kujifunga ukabaki bila sahihi yangu, kwani hakuna aliyeuhitaji tena.